Umeme wa Jua Nyumbani kwa Mkulima: Mafunzo Kutoka Masasi na Newala

Fedha za karafuu zinapopatikana, mahitaji huwa mengi: bati, ada za skuli, kitanda, pengine pikipiki. Siku hizi limezidi moja, nalo ni umeme wa jua. Wanachama walio mbali na nguzo za umeme huuliza kama yafaa kutoa sehemu ya fedha za msimu kununua paneli na betri. Huuliza hivyo hata wale ambao nguzo zimewafikia kijijini lakini hazijafika shambani. Tumeona yafaa tulieleze jambo hili kwa utaratibu. Wapo walionunua wakafaidika miaka mingi, na wapo ambao betri yao ilikufa kabla ya msimu wa pili, fedha zikapotea na koroboi ikarudi mezani. Tofauti ya watu hawa wawili si bahati. Ni hesabu na matunzo.

Tutachukua mfano wa wenzetu wa Masasi na Newala, kwa sababu hali yao na yetu zinafanana sana.

Wenzetu ni nani

Masasi na Newala zimo katika Mkoa wa Mtwara, kusini kabisa mwa Tanzania. Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, na kutoka ukingoni mwake, mahali paitwapo Shimo la Mungu, mtu huliona bonde la Mto Ruvuma chini yake na nchi ya Msumbiji ng'ambo. Masasi iko chini ya uwanda, upande wa magharibi, kati ya majabali makubwa. Sisi wa visiwani tuna udugu wa zamani na mahali hapo, maana mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliwaongoza kutoka Unguja watu waliokombolewa utumwani, wakaanza makazi yao Masasi.

Zao lao kubwa ni korosho. Huvunwa mara moja kwa mwaka, kuanzia mwezi wa Oktoba hivi, huanikwa juani, kisha hupelekwa kwenye chama cha msingi na kuuzwa mnadani kwa mpango wa stakabadhi ghalani, ulioanza mkoani humo mwaka 2007. Vyama vyao vikuu ni TANECU kwa Tandahimba na Newala, na MAMCU kwa Masasi na Mtwara. Kwa hivyo mkulima wa huko, kama mkulima wa karafuu, hupata fedha nyingi kwa miezi michache, na miezi mingine hukaza mkanda.

Kwa miaka mingi mikoa ya Mtwara na Lindi ilikuwa nje ya gridi ya Taifa, ikapata umeme wa gesi ya Mnazi Bay kutoka kituo cha Mtwara mjini. Wakala wa Nishati Vijijini, ulioanza kazi mwaka 2007, umefikisha nguzo katika vijiji vingi. Lakini nguzo kufika kijijini si sawa na umeme kufika katika kila nyumba, hasa nyumba zilizo mashambani. Ndiyo maana watu wengi wa huko hawakungoja, bali walianza kununua paneli moja moja.

Nasi hatukuwa mbali na hali hiyo. Pemba iliendeshwa kwa majenereta ya dizeli mpaka waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ulipowashwa mwaka 2010. Watu wa Unguja nao hawajasahau kiza cha Disemba 2009 mpaka Machi 2010, waya wao ulipoharibika.

Betri ni kisima

Juu ya uwanda wa Makonde maji ni shida ya asili. Mvua hunyesha msimu mmoja tu, tangu Disemba hivi mpaka Aprili au Mei, na maji huzama mbali ardhini. Kwa hivyo watu wengi hukinga mvua ya bati katika kisima kilichosakafiwa, wakayatumia maji kwa kipimo mpaka mvua nyingine. Mwenye kujua kutunza kisima cha namna hiyo amekwisha elewa nusu ya mambo ya umeme wa jua.

Paneli ni kama bati linalokinga. Betri ni kisima. Kontrola, yaani kile kidude kinachokaa kati ya paneli na betri, ni kama bawabu: betri ikijaa huzuia umeme usizidi, na betri ikikaribia kwisha huzikata taa ili isikauke. Taa, redio na simu ni ndoo zinazoteka. Basi bati dogo halijazi kisima kikubwa, na kisima kikubwa hakizidishi mvua. Mtu akinunua betri kubwa na paneli ndogo, betri yake haitajaa hata siku moja, nayo betri ya risasi isiyojaa huharibika upesi.

Kipo na chombo cha tano, nacho ni inveta. Kazi yake ni kugeuza umeme wa betri wa volti 12 uwe umeme wa volti 230 kama ule wa nguzo. Si kila nyumba inaihitaji, na tutaona kwa nini.

Hesabu kabla ya kununua

Kosa la kwanza ni kwenda dukani na kuuliza, "Sola ni kiasi gani?" Anza nyumbani kwa karatasi na kalamu. Andika kila kitu unachotaka kukitumia, wati zake, na saa zake kwa siku. Zidisha wati kwa saa, upate wati-saa. Tuchukue nyumba ya kawaida ya mkulima:

Taa 4 za LED za wati 5, kila moja saa 4: wati-saa 80.
Redio ya wati 5, saa 6: wati-saa 30.
Simu 3, kila moja kiasi cha wati-saa 8: wati-saa 24.
Taa moja ya uani ya wati 3, usiku kucha, saa 11: wati-saa 33.

Jumla ni wati-saa 167. Tuseme 170. Taa ya LED ya wati 5 hutoa mwanga wa kiasi cha ile globu ya zamani ya wati 40, kwa hivyo nyumba hii haina kiza. Na taa ya uani ina maana yake wakati wa mavuno, karafuu zinapokuwa nje au barazani na mwenyewe hawezi kukesha.

Sasa paneli. Jua huwaka saa 12, lakini nguvu zake kamili si za saa 12. Asubuhi na jioni huwa dogo, na mawingu nayo hupita. Katika miezi mibaya, fanya hesabu ya saa 4 za jua kamili kwa siku. Tena sehemu ya umeme hupotea njiani, katika joto, waya na betri. Kwa hivyo gawanya mahitaji yako kwa 0.7. Wati-saa 170 zinakuwa kiasi cha 240. Ukigawanya kwa saa 4, unapata wati 60. Nunua paneli ya wati 80, upate akiba kidogo.

Kisha betri. Iwe na uwezo wa kukuvusha siku mbili za mawingu: 170 mara 2 ni wati-saa 340. Gawanya kwa volti 12, unapata kiasi cha ampea-saa 28. Lakini betri ya risasi haifai kutumiwa zaidi ya nusu yake, kwa hivyo zidisha mara mbili, upate kiasi cha ampea-saa 60. Betri ya lithiamu huweza kutumiwa mpaka sehemu 80 katika 100, kwa hivyo ampea-saa 40 zatosha. Ya lithiamu ni ghali zaidi siku ya kununua, lakini hudumu miaka mingi zaidi ikiwa kontrola yake ni ya kufaa.

Akitaka mtu kuongeza televisheni ya wati 25 kwa saa 3, anaongeza wati-saa 75. Hapo paneli iwe ya wati 100 hadi 120, na betri ya risasi ya ampea-saa 100. Aongeze vyombo vyote viwili, si televisheni peke yake.

Vitu vinavyokula sana

Umeme mdogo wa jua hufaa kwa mwanga, sauti, simu, feni ndogo na mashine ya kunyolea. Kijana mwenye mashine ya wati 12 akinyoa kwa saa 4 hutumia wati-saa 48 tu, na biashara hiyo aweza kuifanya mahali pasipo nguzo.

Haufai kwa kitu chochote cha kutia joto. Pasi ya wati 1000 ikitumiwa saa moja hula umeme wa nyumba yetu wa karibu siku 6. Birika la wati 2000 likichemsha maji kwa dakika 5 tu hula wati-saa 167, yaani riziki ya nyumba nzima ya siku moja kwa birika moja la chai. Chai na ichemke jikoni kama desturi.

Friji si haramu, lakini si la kuongeza juu ya paneli ya taa. Friji dogo la volti 12 katika joto letu huweza kutaka wati-saa 300 hadi 500 kwa siku. Lahitaji paneli na betri za hesabu yake.

Ama inveta, tatizo lake halionekani. Hata pasipo kitu kilichochomekwa, inveta iliyowashwa huweza kula wati 10. Kwa saa 24 hizo ni wati-saa 240, zaidi ya mahitaji yote ya nyumba yetu. Mtu hulalamika kwamba betri haifiki asubuhi, kumbe inveta ndiyo inayoimaliza huku watu wamelala. Basi nunua taa na redio za volti 12 na chaja ya simu ya volti 12, na kama una inveta, izime kila unapomaliza kuitumia.

Kuweka paneli

Newala iko karibu digrii 11 kusini mwa Ikweta, na Pemba digrii 5 hivi. Kwa hivyo adhuhuri ya kiasi cha miezi 8 ya mwaka Newala, na miezi 7 Pemba, jua huwa upande wa kaskazini. Paneli na ielekezwe kaskazini, ikiinamishwa kidogo: digrii 10 hadi 15 Newala, na digrii 10 zatosha kwetu. Kwa kila mita moja ya urefu wa paneli, ncha ya juu iinuliwe kiasi cha sentimita 18. Usiilaze sawasawa, maana maji ya mvua yakituama huacha uchafu.

Acha nafasi ya upana wa kiganja kati ya paneli na bati ili hewa ipite. Paneli hutaka mwanga, haitaki joto. Kila digrii moja ya joto inayozidi 25 hupunguza kiasi cha sehemu 4 katika 1000 za nguvu zake. Paneli iliyofika digrii 60 juu ya bati imekwisha poteza kiasi cha sehemu 14 katika 100.

Kivuli ni adui mkubwa zaidi. Vijisanduku vya paneli vimeungwa kwa msururu, na kimoja kikifunikwa na jani, nguvu ya wenzake nayo huzuiwa. Mkorosho hutanda chini, lakini mkarafuu huenda juu, na kivuli chake cha alasiri hufika mbali. Kabla ya kupigilia misumari, tazama mahali hapo saa tatu asubuhi, adhuhuri, na saa tisa alasiri. Paneli ifutwe kwa kitambaa chenye maji asubuhi, kabla haijapata moto. Huko Masasi vumbi la kiangazi ni jingi, na wakati wa kupulizia mikorosho unga wa salfa paneli hazisalimiki. Kwetu ni vumbi la barabara na chumvi ya pwani, ambayo hula vichwa vya waya.

Waya na fyuzi

Umeme wa volti 12 huchoka upesi njiani. Waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba, wenye urefu wa mita 10 kwenda na 10 kurudi, ukipitisha ampea 5 hupoteza volti zaidi ya 1, karibu sehemu moja katika kumi ya umeme wote. Wa milimita 4 hupoteza chini ya nusu volti. Basi waya wa kutoka paneli uwe mnene na mfupi, na betri ikae karibu na paneli kadiri inavyowezekana.

Wako wanaodhani kwamba volti 12 haina hatari. Haimrushi mtu, ni kweli, lakini waya za betri zikigusana hupita mamia ya ampea kwa mara moja, na waya hugeuka kaa la moto. Katika nyumba ya makuti au yenye magunia ya karafuu kavu, moto huo ni hasara ya mwaka mzima. Weka fyuzi katika waya wa chanya, karibu kabisa na betri. Ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote, na ndicho kinachosahauliwa.

Unapofunga, anza kuunga betri na kontrola, kisha paneli. Unapofungua, anza na paneli.

Kuitunza betri

Betri ya gari hutengenezwa kwa kuwasha injini, yaani kutoa nguvu nyingi kwa nukta chache. Ukiitumia kwa taa kila usiku haitadumu. Nunua betri iliyotengenezwa kwa ajili ya sola.

Betri ya risasi iliyojaa na kupumzika husoma volti 12.7 hivi. Ikisoma 12.2 imefika nusu, na huo ndio mpaka. Siku za mvua mfululizo, zima televisheni mapema kuliko desturi, kama mtu wa Newala apunguzavyo ndoo anapoona chini ya kisima. Asiunge mtu taa moja kwa moja kwenye betri ili kumkwepa bawabu. Kontrola inapokata taa haijaharibika, imekuokolea betri.

Kama betri ni ya kutiwa maji, tia maji safi ya betri, si ya kisima wala ya bomba, na usitie asidi. Iwekwe mahali penye hewa, mbali na watoto, wala asiisogelee mtu na koroboi au sigara, maana inapojaa hutoa gesi inayolipuka. Iliyokufa isipasuliwe wala kutupwa shambani; risasi yake ni sumu. Wanunuzi wa betri kuukuu wapo.

Siku ya kununua

Soma kibandiko cha nyuma ya paneli. Paneli ya wati 100 kwa betri ya volti 12 huandikwa kiasi cha volti 18 na ampea 5.5, ukizidisha upate karibu 100. Mwambie muuzaji aipime kwa mita juani adhuhuri: ikiwa haijaungwa na kitu isome volti 20 hadi 22. Betri ya risasi ya ampea-saa 100 huwa na kilo 25 hadi 30. Isiyofika kilo 20 itiliwe shaka, hata kibandiko kiseme nini.

Siku hizi ziko paneli kubwa za bei nafuu za wati 250 na kuzidi, zenye volti 30 au zaidi. Si mbovu. Lakini ikifungwa kwa kontrola ya kawaida kwenye betri ya volti 12, hutoa kiasi cha wati 100 tu. Yahitaji kontrola ya aina ya MPPT. Asiyeambiwa hayo hulipia wati 250 akapata 100.

Tena yako mauzo ya mkopo, ambapo mteja hulipa kidogo kidogo kwa simu, na asipolipa chombo hujifunga na taa huzimika. Kwa mwenye mshahara au duka ni mpango mzuri. Kwa mkulima yafaa kufikiri. Mkulima wa korosho aliyechukua chombo Disemba huwa na fedha Januari. Juni na Julai, wakati wa kupulizia mikorosho, hana. Kwetu nako miezi ya kupalilia si miezi ya fedha. Kabla ya kutia saini, uliza jumla ya malipo yote ni ngapi, ilinganishe na bei ya taslimu, na uulize kama unaweza kulipa mengi wakati wa mavuno na kupumzika baadaye. Kama jibu ni hapana, pengine ni bora kununua kwa taslimu chombo kidogo: paneli ya wati 20 na taa tatu, kisha kuongeza msimu ujao.

La mwisho ni fundi. Chombo kisicho na fundi karibu ni mali ya muda. Chuo cha Barefoot cha Tilonia, India, kilichoanzishwa mwaka 1972, kimewafundisha kwa miezi sita wanawake wa vijijini, wengine wasiojua kusoma, kufunga na kutengeneza taa za jua. Miongoni mwao walikuwamo wanawake wa mikoa ya Lindi na Mtwara, na wa Unguja pia. Baadaye mafunzo ya namna hiyo yakaanzishwa Kibokwa, Kaskazini Unguja. Jambo hili latuonyesha kwamba kazi hii si ya wataalamu wa mjini peke yao. Matawi yetu yaweza kumchagua kijana mmoja, wa kike au wa kiume, akajifunza, awe na mita na akiba ya fyuzi, awahudumie wanachama wa tawi lake.

Kwa hivyo ushauri wetu ni huu. Kama nguzo iko karibu na nyumba yako na gharama ya kuungwa unaimudu, ungwa. Umeme huo una nguvu zaidi, na paneli ndogo itakusaidia unapokatika. Kama nguzo iko mbali, usiogope jua, lakini usinunue bila ya hesabu. Mwanachama anaweza kuleta karatasi ya mahitaji yake kwa katibu wa tawi, ikahesabiwa pamoja kabla fedha hazijatoka mfukoni. Afanye hivyo sasa, kabla ya mavuno, maana fedha zikishafika dukani hakuna tena anayetaka kuhesabu.